Kilo Kavu za Daforoza

Hapa Rumonge, mji wa ziwani Burundi, ni wachache wanaokumbuka jina nililopewa na wazazi wangu. Mimi ni Mama Kilo. Wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wananiita hivyo, akina mama wa mawese wananiita hivyo, na shehe wetu siku ya kumzika mume wangu aliniita hivyo mbele ya watu, kisha akababaika akitafuta jina langu la kweli asilione. Sikumkasirikia. Nimekuwa muuguzi kwa miaka thelathini na ushei, na asubuhi zangu zote za miaka ile zilianza kwa swali moja, kilo ngapi leo? Nimewauliza watu mlangoni, kwenye simu, hata kupitia dirisha la teksi. Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi zangu ni ngapi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu nitalirudia.

Ninyi mnaotoka shule ya uuguzi leo na kupangiwa vituo vya huku ufukoni, Minago, Gatete, Kigwena, mtakutana na wagonjwa wa moyo kama wangu. Wengi wao ugonjwa ulianza utotoni, koo likauma, nyumbani wakasema litapona lenyewe. Koo likapona, lakini vali za moyo zikabaki zimeharibika, na miaka ishirini baadaye mtu anapanda kilima kidogo anakaa chini kutafuta pumzi. Moyo uliochoka hausukumi damu vizuri, kwa hiyo maji yanabaki mwilini. Yanajaa miguuni, yanapanda tumboni, mwisho yanaingia mapafuni. Vidonge vya kukojoza vinasaidia. Lakini vali iliyooza haiponi kwa vidonge, inabadilishwa kwa kisu, na kisu hicho hapa kwetu hakuna.

Wakati wangu, madaktari wa upasuaji wa moyo walikuwa wanakuja kwa safari ya siku chache katika hospitali moja ya nchi jirani, wanachagua wagonjwa kutoka pande zote, wanapasua, wanaondoka. Wangu walikuwa wagonjwa wa mwisho mwisho, mioyo imetanuka, nguvu zimeisha. Kwa mtu wa namna hiyo upasuaji wenyewe unaweza kumuua. Kwa hiyo madaktari wale walikuwa na sharti moja kubwa kwetu sisi wa huku. Mgonjwa afike akiwa mkavu, yaani maji ya ziada yametoka yote, na uzito wake umetulia. Uzito huo tuliuita kilo kavu. Akifika amejaa maji, mapafu yake hayastahimili ile dawa ya usingizi, na moyo ukisimamishwa huenda usikubali kuamka.

Kazi yangu basi ilikuwa kumfikisha mtu mlangoni. Ndani sijawahi kuingia. Hadi leo sijaona kifua kikifunguliwa. Niliwakausha watu kwa miezi, nikajua mkojo wao, usingizi wao, ugomvi wao na wakwe, halafu asubuhi moja nawapandisha gari na kubaki nimeshika mfuko wa kandambili zao. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi, kandambili zao zikabaki kwangu. Hakuna aliyekuwa akifanya kazi hiyo hapa zaidi yangu, kwa hiyo hata wa kuongea naye jioni sikuwa naye. Mume wangu alikuwa mtu mwema lakini ukimwambia habari za mapafu alikuwa anakohoa.

Aliyenifundisha ni Daktari Lwamba, Mukongomani wa ng'ambo ya ziwa, mfupi, mwenye vidole vinene kama vya mwokaji mikate. Nilikuwa bado mgeni wa kazi alipokuja mzee mmoja wa Kigwena, mkwea michikichi. Kitabu kilinifundisha kuuliza mgonjwa wa moyo analalia mito mingapi, kwa sababu mwenye maji mapafuni hawezi kulala chali, anaongeza mito. Nikamuuliza mzee, akasema hata mmoja. Nikaandika sifuri kwa furaha, nikamwambia daktari huyu hali yake si mbaya. Daktari akamgeukia yule mzee akamuuliza analalaje. Mzee akajibu kwamba analala amekaa, ameegemea gunia la muhogo, tangu Ramadhani. Mto hakuwa nao nyumbani, hajawahi kuwa nao maishani.

Daktari akaniambia, bila ukali, "Weye uliuliza vyombo vya nyumba. Miye niliuliza usingizi."

Tangu hapo sijamuuliza mtu habari za mito. Nanyi msiulize.

Yeye huyo ndiye aliyenionyesha dole gumba. Alikuwa hasomi karatasi yoyote kabla hajainama kwenye mguu wa mgonjwa. Unaweka dole gumba kwenye mfupa wa muundi, unabonyeza, unahesabu polepole mpaka tano, unaondoa, unaangalia. Shimo likijaa mara moja, mguu mkavu. Shimo likibaki limekuangalia, maji yapo, hata kama karatasi inasema nini. Nimebonyeza miundi mingi hata dole langu la kulia limekuwa pana kuliko la kushoto. Watu wa harusini wakinisalimia wananiuliza kama niliumia.

Na chumvi. Mtawaambia watu waache chumvi, watawajibu ndiyo muganga, wameacha kabisa. Hawadanganyi. Wameacha ile ya kwenye kopo. Ndagala waliokaushwa kwa chumvi si chumvi kwao, ni mboga. Kile kidonge cha kuungia mchuzi si chumvi, ni kiungo. Nilikaa miaka mitano nawalaumu watu kwa ukaidi kabla sijaamua kuingia jikoni kwao na kuonja sufuria. Muwe mnaonja. Vivyo hivyo kwa waliorudi na vali ya chuma, wanaomeza dawa ya kuzuia damu isigande. Usimkataze mtu wa Rumonge sombe, yale majani ya muhogo yanayogombana na dawa hiyo, atakula kwa kujificha na damu yake itakuchezea. Mwambie ale, lakini ale kiasi kilekile kila wiki, upime damu, upange dawa kufuata sombe. Ni rahisi kusogeza kidonge kuliko kusogeza chakula cha mtu.

Haya ni mambo ninayoyasema kwa mdomo mpana. Sasa nije kwa lile ambalo nimelisema mara mbili tu.

Daforoza alikuwa mwalimu wa darasa la pili pale Gatete. Alikulia makambini Tanzania, wazazi wake walikimbia, na aliporudi Burundi akiwa mtu mzima Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alikuwa ananisahihisha. Nikisema mutoto ananiangalia tu mpaka niseme mtoto. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu, mume amefariki, binti mmoja wa miaka saba. Vali yake ilikuwa imekwisha, moyo umetanuka. Madaktari wa upasuaji wa ng'ambo walisoma picha zake wakasema hatari ni kubwa, lakini bila upasuaji hatamaliza mwaka wa pili. Wakampa nafasi. Kilo kavu zake tukakubaliana ni hamsini na nane. Siku tulipoanza alikuwa na sitini na tatu.

Mizani ya kituo chetu ilikuwa imekufa. Springi ililegea, ukipanda mara mbili inakupa watu wawili tofauti. Na hata ingekuwa nzima, Daforoza hakuwa na pumzi ya kuja mjini kila asubuhi. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana. Karibu na shule yake, pale mitumbwi inapofikia, kulikuwa na mnunuzi wa ndagala jina lake Salvatori, mwenye mizani ya jukwaa ya kupimia magunia. Nikamwomba, akakubali bila kusita. Daforoza atafika pale asubuhi kabla ya kula, ameshakojoa, kanga moja, bila viatu, atapanda, Salvatori atasoma, na mimi nitapiga simu.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua, lakini mimi nilipaswa. Mama yangu alikausha ndagala mchangani maisha yake yote. Kila mtoto wa ufuko huu anajua kwamba mizani ya mnunuzi inakula. Ndivyo tunavyosema, inakula. Unaleta kilo ishirini, inasoma kumi na saba, tatu zimeliwa. Mama yangu alikuwa anatoka pale amebana midomo na hatuongei naye mpaka chakula cha jioni. Kwa hiyo nilijua. Lakini nilijiambia kitu cha kisomi, kwamba mizani ikila sawa kila siku haina neno, maana mimi ninachotafuta ni kushuka tu, si namba yenyewe.

Ikaanza. Sitini na tatu. Sitini na mbili na nusu. Sitini na moja na nusu. Sitini na moja. Ikakaa hapo siku nne, nikaongeza kidonge cha kukojoza. Halafu asubuhi moja, hamsini na nane na nusu. Nilimwambia Daforoza kwenye simu kwamba kidonge kimefanya kazi. Kesho yake hamsini na nane. Na keshokutwa hamsini na nane. Nikapiga simu kwa wale wa ng'ambo nikasema mgonjwa wangu amekauka, namba imetulia. Nilisema kwa majivuno, siwafichi.

Siku ya safari nilimsindikiza mpaka stendi. Alikwenda peke yake, maana nafasi ya msindikizaji haikuwepo, na binti alibaki kwa shangazi yake. Tulipokuwa tumekaa tunangoja gari lijae, nikainama kama kawaida nikabonyeza mguu wake. Nikahesabu tano. Nikaondoa dole.

Shimo likabaki.

Nililiona. Nikasema moyoni kwamba amekaa sana, ni joto, ni soksi. Nilikuwa na karatasi mkononi yenye hamsini na nane mara tatu, na nikaamini karatasi. Nikamshushia kitenge, nikamwambia aende salama.

Alirudi baada ya siku kumi na nne, kifua chake hakijaguswa. Mizani ya kule ilimkuta na sitini na moja. Mapafu yalikuwa na maji. Walijaribu kumkausha, siku zikaisha, madaktari wakapanda ndege. Alikuwa amelala kwenye wodi ya lugha asiyoijua, anawaona wenzake wanapelekwa na kurudishwa na mirija, mmoja mmoja, mpaka kitanda chake tu ndicho kilichobaki hakijasogea. Na alirudi na barua. Mwishoni mwa barua waliandika kwamba mgonjwa hakufuata masharti. Kwa Kifaransa ni maneno mawili tu, lakini ninyi wa kazi hii mnajua uzito wake. Nafasi ni chache. Mtu aliyeandikwa hivyo safari ijayo anawekwa chini ya orodha, kwa sababu vali mpya inataka mtu anayefuata masharti maisha yake yote. Maneno yale mawili yalikuwa yanamtoa Daforoza kwenye orodha kabisa.

Alinipa barua kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, nimekuangusha. Siku ile ya jua kali nilikunywa vikombe viwili zaidi ya vile ulivyonipimia. Na kwa wifi yangu nilikula mchuzi wa ndagala. Naomba unisamehe."

Alikuwa amejikagua siku zote kumi na nne, akapata vikombe viwili na bakuli moja la mchuzi. Mimi nikamjibu kwamba tutaanza upya. Sikusema sijakasirika. Nilikuwa nimekasirika, mnisikie vizuri, nilimkasirikia yeye.

Lakini kilo tatu haziingii kwa vikombe viwili. Usiku mzima hesabu ilinisumbua, na siku ya tatu nikachukua bido, dumu la maji la lita ishirini, nikajaza mpaka shingoni, nikapanda pikipiki mpaka Gatete. Bido ya lita ishirini ikijaa, pamoja na plastiki yake, ni kilo ishirini na moja, Mungu ndiye aliyeyapima yale maji. Nikaiweka juu ya mizani ya Salvatori. Ikasoma kumi na nane.

Salvatori alikuwa anaangalia. Hakuona haya wala hakukimbia. "Mama Kilo, nani hajuaka ii balance inakulaka?"

Nikamwambia kujua najua, lakini inakula sawa siku zote au vipi. Akacheka kidogo, akanionyesha nyuma ya mkono wa mizani kipande cha chuma kilichofungwa kwa waya, hakizidi kipande cha sabuni. "Siku ya mwezi naitoaka. Ndagala hakuna. Wanakuja tu ba mama ba muhogo, ni majirani. Giza ikirudi, mitumbwi inatoka, narudisha."

Nilikaa juu ya gunia. Ndagala huvuliwa kwa taa, siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na mizani ya Salvatori nayo inafunga. Daforoza alianza kupanda pale mwezi ukiwaka, mizani ikiwa na adabu zake. Alipofika sitini na moja giza likarudi, chuma kikarudi, na asubuhi ile mizani ikamla kilo tatu mwalimu wangu kama ilivyokuwa imewala mama zetu. Hakukauka. Hakuwa ameongeza kitu. Alifuata kila nilichomwambia.

Kosa la mizani ningeweza kulisimulia harusini na watu wakacheka. Linalofuata ndilo lililonifanya niandike.

Sikumwambia. Nilirudi mjini na bido yangu, nikajisemea nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki. Kila asubuhi nilimpigia kumuuliza namba, sasa kwenye mizani ndogo niliyomnunulia, na kila asubuhi kabla ya namba ananiambia jana nimekunywa vikombe vitatu tu, mama. Jana viwili. Jana kimoja na nusu. Nilikuwa nasikia na kunyamaza. Niliogopa. Mimi Mama Kilo, mji mzima unaniita kwa jina la mizani, na nilikuwa nimedanganywa na mizani ambayo hata mtoto anayeokota ndagala mchangani haiamini. Na kulikuwa na lile shimo la stendi, ambalo nilikuwa nimeliona mimi peke yangu. Wiki tatu nilikuwa siwezi kula na watu. Nikisali, nikifika pale pa kuomba msamaha nafsi inagoma, kwa sababu aliyepaswa kuombwa alikuwa Gatete, ana kiu.

Ndiyo, kiu. Siku ya ishirini na mbili mwalimu mkuu alinipigia kuniambia Daforoza ameanguka mbele ya darasa. Nilimkuta amelala kwenye benchi la nyuma, midomo imepasuka, ulimi mkavu, macho yameingia ndani. Nikabonyeza muundi, hakuna shimo hata chembe. Namba, ambayo kila asubuhi nilikuwa naisikia ikishuka nisiseme kitu, ilikuwa hamsini na tano. Alikuwa ameacha kunywa maji. Alikuwa anajiadhibu kwa kosa langu, na figo zake zilikuwa karibu kulipa. Kukauka kupita kiasi nako kunaua, msisahau.

Nilimnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka akaweza kukaa. Watoto walikuwa wametolewa nje, tunawasikia wanasoma herufi chini ya dirisha. Hapo ndipo nilipomwambia. Habari ya chuma, ya mwezi, ya bido. Nikamwambia na la stendi, kwamba dole langu liliona na mimi nikalikataa.

Nilitamani anitukane. Kisha akauliza, "Ulijua tangu lini?"

Nikasema wiki tatu.

Akasema, "Wiki tatu nimekuwa nikikuomba msamaha kila asubuhi, na wewe unaupokea."

Alijifunika kitenge akageukia ukutani. Nilibaki pale mpaka shangazi wa mtoto akafika.

Jioni ile niliandika barua kwa wale madaktari. Niliandika kwamba yale maneno mawili yafutwe kwenye faili la mwalimu yule na yaandikwe kwenye langu. Nikaeleza mizani, nikaeleza mguu, nikaeleza kwamba mgonjwa huyu aliamriwa apunguze maji na akaacha kunywa mpaka akaanguka, kama wanatafuta mtu anayefuata masharti basi wamtafute huyo. Nikatia sahihi kwa jina langu la wazazi. Mkubwa wangu wa kituo aliposoma nakala aliniuliza kama nimepoteza akili, na baada ya hapo alinipunguzia wagonjwa. Kuna mikutano ya wauguzi sikualikwa tena. Sikudai.

Waliporudi msimu uliofuata, jina lake lilikuwa la kwanza. Miezi ile ya kungoja alinipa namba kila asubuhi kwa simu, namba tu, halafu anakata. Alikwenda akiwa na hamsini na nane za kweli, nilizipima kwa mizani niliyoijaribu kwa bido, na mguu nikabonyeza mara tatu. Mlangoni mwa gari hakunipa mkono. Siku ya upasuaji nilikaa na simu mapajani tangu asubuhi. Nilijua saa hiyo kifua kimefunguliwa na moyo umesimamishwa, na mashine inafanya kazi ya moyo, na kwamba kwa moyo kama wake wakati wa kuuamsha ndio wakati wenyewe. Hapakuwa na mtu Rumonge nzima ambaye ningemwambia hivyo akanielewa. Alasiri muuguzi wa kule aliniandikia kwamba moyo uliamka walipojaribu mara ya pili, kwamba yuko kwenye mashine ya kupumua. Siku ya nne akaandika, ametoka mashineni, ameomba chai.

Nililia jikoni na sufuria likaungua.

Hakurudi kukaa Gatete. Vali ya chuma inataka kupima damu mara kwa mara na maabara iko Bujumbura, akahamishiwa shule ya huko na binti yake. Hakuja kuniona. Sikutegemea aje. Lakini asubuhi ya pili tangu afike Bujumbura ujumbe uliingia kwenye simu yangu, haukuwa na salamu wala jina. 58. Kesho yake, 58. Keshokutwa, 57.5. Nami nikajibu neno moja, vizuri. Tumekwenda hivyo miaka sita. Siku moja namba haikuja mpaka jioni, nilishindwa hata kukaa kwenye kiti, ilipokuja haikuwa na maelezo. Mimi nikastaafu, mume wangu akafariki, wanangu wakatawanyika, mmoja Kigoma, mwingine Bujumbura. Nyumba yangu iko karibu na soko la mawese na siku nyingi ile namba ndiyo sauti pekee ya mtu inayoingia humu kabla ya adhuhuri. Nimeshaizoea hivyo. Sikuona kama nastahili maneno.

Kwa hiyo, ninyi watoto, mizani yoyote muijaribu kwa bido kabla hamjamuamini mtu wala hamjamlaumu. Karatasi na mguu vikigombana, rudini kwenye mguu. Na mgonjwa akikuomba msamaha, kabla hujaupokea, nenda kwanza ukahakikishe kwamba ni wake.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo juzi Jumatatu, na Jumanne asubuhi simu ikalia kama kawaida. 58. Nikaanza kuandika vizuri, na kabla sijatuma ikalia tena. Maneno mawili, ya kwanza katika miaka sita.

Na wewe?

Nilisoma nikasimama. Nikaenda chumbani ilipo mizani yangu. Nikavua kanga ya juu, nikavua viatu, kama nilivyowafundisha watu, nikapanda, nikangoja namba itulie. Kisha nikakaa kitandani, nikabonyeza muundi wangu kwa dole langu pana, nikahesabu tano.

Namba yenyewe nimemwandikia yeye. Ninyi haiwahusu.